Mpira Haukukimbii! Gofu, Besiboli na Ndoa Yetu

Hebu nikuulize kitu kabla hujafungua ukurasa unaofuata. Umewahi kushindwa na mke wako mbele ya watu, tena kwenye mchezo ambao wewe mwenyewe ndiye uliyemfundisha nusu saa iliyopita? Basi mwenzio yamenikuta.

Ilikuwa Jumamosi asubuhi, Ngara mjini, kwenye kiwanja cha mpira cha shule, nyasi zikiwa bado na umande. Nilipiga mipira kumi ya gofu. Saba iliishia kwenye mikaratusi upande wa kulia, miwili haikufika popote, na mmoja ulinyooka kwa bahati tu. Mama watoto akachukua fimbo ileile, namba 7, akapiga mitano. Minne ikaenda sawasawa kama imevutwa kwa uzi. Watoto waliokuwa wanatuokotea mipira wakaanza kushangilia, "Mama! Mama!" Mmoja wao akanigeukia, akanifariji kwa upole kabisa: "Baba, na wewe utaweza tu."

Nilicheka. Lakini msomaji wangu, moyoni sikucheka hata kidogo.

Mtoto wa besiboli

Kinachouma zaidi ni kwamba mimi si mgeni wa kupiga mpira kwa mti. Mimi ni mtoto wa besiboli. Najua utashangaa, Mbongo na besiboli wapi na wapi? Mchezo huu ulianza kufundishwa Dar es Salaam mwaka 2012, alipokuja Mjapani Shinya Tomonari, na Shule ya Sekondari Azania ikawa kituo chake cha mwanzo. Mwaka 2018 hapo hapo Azania kikazinduliwa kiwanja cha besiboli. Miaka ile ya mwanzo mimi nilikuwa chuo, nasomea mawasiliano, nikaenda mazoezini kwa udadisi tu. Nikanogewa. Kushika gongo mkononi (gongo la kupigia jamani, sio lile la kunywa!) na kusikia mpira ukilia "paa!" ni raha ambayo sijaipata kwenye mchezo mwingine wowote.

Kwa hiyo ofisi ilipotuandikisha kwenye siku ya gofu ya wadau jijini Dar, nilijitapa vibaya sana. Nilimwambia kila mtu: kama naweza kupiga mpira unaokuja kwa kasi, nitashindwaje na mpira uliokaa kimya chini? Nilimwambia hata mke wangu, aliyekuwa amekuja likizo fupi kutoka Ngara anakofanya kazi.

Nilipoteza mipira sita kabla ya saa moja kupita. Yote kulia. Bosi alikuwa anatazama, wateja wanatazama. Kwenye chakula cha mchana mke wangu akasema kwa utani, "Mume wangu leo alikuwa anapanda miti." Meza nzima ikacheka. Nami nikamjibu neno ambalo sitaliandika hapa. Lilinitoka kabla hata kicheko hakijaisha. Akanyamaza. Siku mbili baadaye alirudi Ngara, na simu zetu zikawa fupi: mtoto hajambo, hela imefika, usiku mwema.

Ndiyo maana mwezi mmoja baadaye nilichukua likizo, nikaifunga mifimbo minne ya mtumba kwenye kitenge na kuondoka. Niliruka hadi Mwanza, nikavuka kwa daraja la Kigongo–Busisi lililofunguliwa mwaka 2025 badala ya kusubiri kivuko, nikapita Geita, nikafika Biharamulo, kisha Lusahunga, Benaco na hatimaye Ngara. Nilikuwa na mambo mawili ya kurekebisha. Nilidhani moja lilikuwa dogo.

Kwa nini gongo linaharibu gofu?

Siku ile nilipoaibika pale kiwanjani, nilikaa chini ya mkaratusi nikawaza kama mtu mzima. Tatizo ni nini hasa?

Mchezaji wa besiboli anapambana na muda. Mrushaji anasimama mita 18.44 kutoka kwako. Akirusha mpira kwa kilomita 145 kwa saa, unakufikia kwa takriban sekunde 0.4. Ndani ya muda huo unatakiwa uone, uamue na upige. Huwezi kufikiri, unajibu tu. Mpira wenyewe una gramu 142 hadi 149, na unakuja usawa wa magoti hadi kifuani.

Kwenye gofu mpira hauzidi gramu 45.93, umelala chini, na unakusubiri. Unaweza kunywa chai, ukarudi, ukaukuta pale pale. Hiyo ndiyo inayotumaliza. Mwili uliozoea kujibu shambulio unapewa mpira usioshambulia, nao unashambulia hivyo hivyo.

Kuna na suala la uwanja. Besiboli ina pembe ya nyuzi 90 ya kupigia. Ukipeleka mpira kulia au kushoto, mradi uko ndani ya mistari, unashangiliwa. Kwenye gofu nyuzi chache tu zinakupeleka msituni.

Tena gongo ni la mviringo, halina uso. Upande wowote utakaougusa mpira ni sawa. Fimbo ya gofu ina uso, na mahali uso huo unapoangalia wakati wa kugusa ndipo mpira unapoanzia safari kwa sehemu kubwa. Ukiwa wazi kuelekea kulia ukilinganisha na njia ya fimbo, mpira unajipinda kulia. Ndiyo ile wacheza gofu wanaita slaisi, na ndiyo iliyonipandisha miti.

Somo la fyekeo

Majibu yote hayo niliyajua kichwani. Mwili ulikuwa bado haujaelewa. Aliyeuelewesha ni baba mkwe.

Tulikwenda kumsalimia upande wa Nyakahura, wilayani Biharamulo. Asubuhi nilimkuta pembeni ya migomba anafyeka nyasi.

"Shikamoo baba."

"Marahaba mkwe wangu. Umeamkaje?"

Nikaomba nimsaidie, maana mkwe hawezi kukaa kwenye kiti huku mzee anafyeka. Nikashika fyekeo kwa mikono miwili, nikapiga kwa nguvu zangu zote za besiboli. Nikakata vichwa vya nyasi usawa wa goti. Mzee akacheka mpaka akaegemea mgomba.

"Mkwe, unawafyekea ndege? Nyasi ziko chini."

Akachukua fyekeo, akanionyesha. Miguu ameitanua, imetulia. Ameinama kutoka kiunoni, mgongo haujapinda. Mabega yanageuka, mkono unafuata, na makali yanapita karibu na ardhi bila kuigusa. Halafu akasema jambo ambalo hakujua kuwa ni somo la gofu: "Chuma hiki kina makali upande mmoja. Ukisahau makali yanaangalia wapi, utachoka bure."

Nikamtazama mke wangu. Alikuwa mlangoni, anatabasamu. Yeye alikulia hapo. Amefyeka tangu darasa la tatu, shuleni na nyumbani. Mkono wake umejua miaka yote kwamba chuma kina uso, wangu ulijua mti wa mviringo. Sasa nani alikuwa na uzoefu zaidi wa gofu kati yetu?

Makosa matano, na dawa zake

Kama na wewe umetokea kwenye besiboli, kriketi, au ulikuwa bingwa wa kupiga chochote kwa mti, soma hapa taratibu. Maelezo ni ya anayetumia mkono wa kulia. Wa kushoto ageuze.

1. Kushika fimbo kama gongo. Gongo linashikwa vifundo vya vidole vikiwa vimepangana. Ukishika fimbo ya gofu hivyo, uso wake unabaki wazi. Iweke kwenye vidole vya mkono wa kushoto, kisha uuzungushe mkono kidogo kulia mpaka ukitazama chini uone vifundo viwili au vitatu. Mkono wa kulia uufunike. Siku ya kwanza utahisi umeshika kitu cha mtu mwingine. Vumilia.

2. Kupiga usawa wa kifua. Swingi ya besiboli imelala kama meza, ya gofu imeinama. Zoezi: simama wima, zungusha fimbo usawa wa kifua kama uko kwenye besiboli. Rudia usawa wa kiuno, halafu goti, halafu ardhini. Kila hatua inama kutoka kwenye nyonga, usikunje mgongo. Mzunguko ni uleule, ulichobadilisha ni mwinamo tu. Ndicho alichonionyesha mzee kwa fyekeo.

3. Kuzuia mikono isigeuke. Kwenye besiboli, wakati wa kugusa mpira kiganja cha kulia kinaangalia juu na cha kushoto chini, na mikono inageuka baadaye. Ukifanya hivyo kwenye gofu uso unachelewa kujifunga. Zoezi: piga nusu swingi, fimbo isipite kiuno kwenda wala kurudi. Baada ya kupiga, ncha ya fimbo iangalie juu na kiganja cha kulia kiwe kama kinampa mkono mtu aliyesimama kushoto kwako. Mipira thelathini ya hivyo ni bora kuliko mia ya nguvu.

4. Kupiga hatua na kubaki nyuma. Mpigaji wa besiboli anainua mguu wa mbele, anakanyaga, na wapo wanaobakisha uzito mguu wa nyuma. Kwenye gofu ukibaki nyuma unaigusa ardhi kabla ya mpira. Unalima! Pale Ngara kuna bibi alipita, akatazama mashimo yangu, akauliza napanda nini. Tuliza miguu, hamisha uzito tu. Ukimaliza, kitovu kiangalie unakopeleka mpira, na uweze kuinua mguu wa kulia bila kuyumba.

5. Kurusha kiwiko. Besiboli inaruhusu kiwiko cha nyuma kupaa. Kwenye gofu kikipaa, fimbo inatoka nje na kuukata mpira kwa upande. Dawa yake ina historia tamu, endelea kusoma.

Kitambaa cha Sam Byrd

Usidhani wewe ni wa kwanza. Sam Byrd alijiunga na New York Yankees mwaka 1929, akawa anaingia sana kuchukua nafasi ya Babe Ruth hadi wakambandika jina la "miguu ya Babe Ruth." Alicheza World Series ya 1932. Baadaye akahamia gofu, akashinda mashindano sita ya PGA Tour, na mwaka 1945 akafika fainali ya PGA Championship, ambako alifungwa na Byron Nelson. Anahesabiwa kuwa mtu pekee aliyecheza World Series na mashindano ya Masters.

Byrd alisimulia kwamba Babe Ruth alimfundisha kupiga akiwa amebana kitambaa chini ya kwapa la mkono wa mbele. Kitambaa kikianguka mapema, mkono umeachana na mwili. Alipohamia gofu aliendelea nacho, na akawafundisha wengine. Mimi nilikata kipande cha kitenge, nikakibana kwapa la kushoto. Mara ishirini za kwanza kilianguka mara kumi na tisa. Siku ya nne kilianza kubaki.

Wako na wengine. Babe Didrikson alishinda dhahabu mbili za riadha kwenye Olimpiki ya 1932, alicheza pia besiboli, na kwenye gofu akatwaa ubingwa wa U.S. Women's Open mwaka 1948, 1950 na 1954. Lakini usitarajie miujiza. John Smoltz, mrushaji aliyeingia kwenye nyumba ya heshima ya besiboli mwaka 2015, alifuzu kucheza U.S. Senior Open mwaka 2018. Raundi ya kwanza alimaliza kwa mapigo 85. Kama yeye alihangaika, mimi na wewe ni nani?

Kila nikianza, umeshapiga

Sasa nije kwenye lile jambo la pili.

Jioni moja tulikwenda Rusumo, mpakani na Rwanda, karibu na pale mto Ruvubu unapokutana na Kagera. Tulikaa tukitazama malori yakipanga foleni. Mke wangu akasema, "Kazini wameniomba..."

"Hapana," nikasema.

Msomaji wangu, sikuwa hata nimejua ameombwa nini! Akanitazama kwa muda mrefu. Hakukasirika, na hilo lilinitisha zaidi.

"Unajua shida yako?" akaniambia. "Kila nikianza sentensi, wewe umeshapiga. Unadhani kila neno langu limerushwa kukugonga. Mimi sikurushii kitu, mume wangu. Naongea tu."

Nilitaka kujibu. Jibu lilikuwa limeshafika kwenye ulimi. Nikakumbuka mpira kwenye nyasi za Ngara, umekaa, haukimbii, na mimi natoka jasho kuukimbilia. Nikafunga mdomo. Ile ilikuwa swingi ngumu kuliko zote nilizopiga mwaka huo.

Akaongea karibu nusu saa. Ameombwa kuongeza mkataba wa miaka miwili na kuongoza kitengo chake. Anaipenda kazi ile. Mtoto amezoea, ana marafiki, na babu na bibi wako Biharamulo, safari ya asubuhi tu. Anaogopa kwamba akikubali nitasema amechagua kazi badala yangu, na akikataa atanilaumu kimyakimya kwa miaka kumi. Na ile siku ya Dar, kilichomuuma hakikuwa neno langu peke yake. Ni kwamba nilimwona kama mmoja wa waliokuwa wananicheka, wakati yeye alifanya utani ili watu wasinionee huruma.

Yote hayo alikuwa amejaribu kuniambia kwenye simu. Kila mara mimi nilikuwa nimeshapiga.

Hatukumaliza jioni ile. Tulizungumza tena kesho yake na kesho kutwa, na kuna siku tulipandishiana sauti. Mwisho tulikubaliana asaini mwaka mmoja, sio miwili, kisha tukae tena mezani. Mimi nitakuja kila baada ya miezi miwili, na nauli nimeshaipangia bajeti, sio ahadi ya mdomo. Kama ofisi itaniruhusu kuhariri nikiwa huko kwa wiki mbili mbili, vizuri zaidi. Sikupata nilichotaka chote. Yeye pia hakupata chote.

Kabla hujampeleka mwenzi wako kiwanjani

Nimejifunza mambo machache ambayo naona yatakusaidia, hasa kama mnaanza gofu pamoja.

Usimfundishe asipokuomba. Siku ile ya kwanza nilimrekebisha mke wangu mara tano kabla hajagusa mpira. Akiuliza, jibu swali alilouliza, kisha nyamaza.

Anzeni na fimbo moja. Kanuni zinaruhusu fimbo 14, lakini namba 7 inatosha kwa miezi ya kwanza. Za mtumba hazina ubaya.

Angalieni usalama. Mpira wa gofu ni mdogo lakini ni mgumu kama jiwe. Kwenye kiwanja cha wazi, watoto, mbuzi na wapita njia wakae nyuma yenu, na anayeokota asiingie mbele mpaka fimbo zote ziko chini.

Kabla ya kupiga, vuta pumzi moja ndefu, utazame unakopeleka, ndipo upige. Mchezaji wa besiboli anakuwa amenyimwa nafasi hiyo maisha yake yote. Itumie. Na ukifika nyumbani, itumie tena.

Siku yangu ya mwisho Ngara tulirudi kwenye kile kiwanja. Watoto walewale walikuwepo. Nilibana kitenge kwapani, nikainama, nikajiuliza makali yanaangalia wapi, nikavuta pumzi. Kati ya mipira kumi, sita ilinyooka. Mitatu ilikwenda kulia, lakini si mbali, na mmoja nililima kama kawaida. Mke wangu alipiga kumi, minane ikanyooka. Bado ananishinda, na safari hii nilipiga makofi kwa moyo mweupe.

Yule mtoto aliyenifariji siku ya kwanza akanirudishia mpira mkononi. "Si nilikwambia, Baba?"

Kweli aliniambia. Mimi ndiye nilikuwa sisikilizi.